Kamera za Getini Zinapotea Tangu Wi-Fi Mpya Ifungwe

MASWALI YA WASOMAJI

SWALI: Salamu kwa Mhariri na kwa fundi anayetujibu katika ukurasa huu. Mimi ni mama mwenye nyumba mtaa wa Bel-Air, hapa Lubumbashi. Kwa miaka mitatu lupango wetu, yaani kiwanja chetu chenye nyumba, umelindwa na kamera sita za Wi-Fi: mbili ziko getini, moja barazani, moja nyuma ya jikoni, moja gereji, na moja ndani ya depo ninamoweka mifuko ya unga na saruji ninayouza. Zote zilikuwa zikishika Wi-Fi ya modemu iliyoko sebuleni, na rekoda imeunganishwa kwa kebo kwenye modemu hiyo hiyo. Vyumba vya ghorofani vilikuwa havipati mtandao vizuri, lakini kamera hazikuwahi kunisumbua. Mwezi uliopita kijana wangu alirudi safarini na seti ya Wi-Fi mpya yenye vituo vitatu. Kimoja alikichomeka kwenye modemu, cha pili akakipandisha ghorofani, cha tatu akakiweka ndani ya kibanda cha mlinzi kwa sababu pale pana prizi ya umeme. Jina la Wi-Fi na neno la siri aliyaacha yale yale, ili tusihangaike na simu. Simu sasa zinakwenda mbio, hilo sikatai. Lakini kamera za getini zinapotea kila jioni, zinarudi, zinapotea tena. Picha ya barazani inaganda mchana na usiku. Na kamera ya depo, tangu kijana alipobonyeza kitufe cha kuianzisha upya, imekataa kabisa kuingia kwenye mtandao. Fundi aliyekuja kuziangalia anasema zote sita zimezeeka, ninunue nyingine. Je, ni kweli?
Mama wa Bel-Air

JIBU: Mama, kwa sasa usinunue kamera hata moja. Kabla ya kuandika jibu hili nilikuomba picha mbili, na picha hizo ndizo zilizonifumbua macho. Ya kwanza ilionyesha orodha ya mitandao kwenye simu yako, na ndani yake jina la Wi-Fi yako lilijitokeza mara mbili. Ya pili ilionyesha prizi ya kibandani, ambapo kituo kipya kimekaa mahali palipokuwa pa adapta ya kamera za getini, na waya mwembamba, wa namna ile inayotumika kwa kengele ya mlango, umetoka nje kuelekea barazani. Kwa hiyo una maradhi matatu tofauti yaliyoingia nyumbani siku moja, na kwa kuwa yaliingia pamoja, kila mtu ameyadhania kuwa moja.

Lililo kubwa ni lile jina linaloonekana mara mbili. Kijana alipochomeka kituo kikuu kwenye modemu, hakuizima Wi-Fi ya modemu yenyewe, na kwa kuwa alirudia jina na neno la siri la zamani, lupango wako sasa una mitandao miwili inayoitwa kwa jina moja. Kamera ya bei ya kawaida haina werevu wa kutofautisha: husikia jina inalolijua, hubisha hodi, na huingia kwenye mlango wowote utakaofunguliwa. Leo iko upande wa modemu; kesho, umeme ukikatika na kurudi, inaamkia upande wa vituo vipya. Na pande hizo mbili si nyumba moja. Vituo vipya, visipoambiwa vinginevyo, hujifanya ruta (kifaa kinachogawa mtandao) ya pili nyuma ya ruta ya kwanza, yaani modemu, na kugawa anwani zake vyenyewe, hivyo kamera moja inaweza kuwa na anwani ya IP (namba ya kifaa kwenye mtandao) inayoanza na 192.168.1 na nyingine inayoanza na 192.168.0. Rekoda yako imebaki upande wa modemu. Kamera ikishahamia upande wa pili, rekoda haiwezi kuifikia, nayo hukuambia kwamba kamera haipo ilhali taa yake inawaka ukutani.

Shauri la haraka lingekuwa kuizima Wi-Fi ya modemu. Ni shauri sahihi, ila ukilifuata leo usiku unaweza kuamka bila kamera yoyote, na hapo ndipo tunapoingia kwenye ugonjwa wa pili, ule wa depo.

Ulinzi wa Wi-Fi unaoitwa WPA2 ulitoka mwaka 2004, na WPA3 ulitangazwa mwaka 2018. Vifaa vipya mara nyingi hutoka dukani vikiwa vimewekwa kwenye WPA3, au kwenye mchanganyiko wa WPA2 na WPA3, lakini kamera nyingi za bei nafuu zinaelewa WPA2 peke yake, na baadhi yake hutatizwa hata na mchanganyiko huo. Isitoshe, nyingi husikia masafa ya gigahezi 2.4 tu, ilhali seti yako mpya inatangaza gigahezi 2.4 na 5 chini ya jina moja, na simu unayotumia kuisajili kamera huwa imekaa kwenye 5. Kamera ya depo, baada ya kufutwa kumbukumbu zake, ilitakiwa kusajiliwa upya mbele ya mlango isioujua. Ninahisi sana kwamba ya jikoni na ya gereji, ambazo hukuzilalamikia, hazijawahi kuugusa mtandao mpya: zimebaki kwenye modemu ya zamani tangu siku ya kwanza, na ndiyo sababu ya utulivu wao.

Sasa basi, badala ya kuzibembeleza kamera zihamie kwenye jina jipya, fanya kinyume chake. Katika programu ya vituo vipya, ule mtandao mkuu wa simu na kompyuta upe jina jingine. Halafu fungua mtandao wa pili, ule ambao menyu huueleza kuwa ni wa vifaa vya nyumbani, uupe jina lile la zamani na neno la siri lile lile la zamani, uuwekee gigahezi 2.4 peke yake na ulinzi wa WPA2 peke yake. Ukishamaliza hapo ndipo uizime Wi-Fi ya modemu, masafa yote mawili, huku modemu yenyewe ikiendelea kuwaka. Kamera zitapotea kwa dakika chache, zitasikia jina zinalolijua, zitaingia zenyewe. Simu ndizo zitakazohitaji kuandikiwa jina jipya, na ni nafuu kuandika neno la siri kwenye simu nne kuliko kupanda ngazi mara sita na kubonyeza vitufe chini ya paa. Jihadhari na jambo moja tu: usitumie mtandao wa wageni kwa kazi hii, kwa sababu kwa kawaida mtandao huo huwatenga waliomo wasionane na vifaa vingine vya nyumbani, na rekoda yako itabaki kipofu.

Baada ya hapo ingia tena kwenye programu na ubadilishe namna ya kufanya kazi ya kituo kikuu, kutoka kuwa ruta na kuwa kile ambacho menyu za Kifaransa huita point d'accès, yaani kipitisha Wi-Fi tu kisichogawa anwani. Hapo modemu itakuwa mgawaji pekee wa anwani, na rekoda na kamera zitakaa kwenye mtandao mmoja. Ukurasa wa modemu hufunguliwa kwa kivinjari cha simu. Anwani yake na neno la kuingilia mara nyingi huandikwa kwenye kibandiko kilicho chini ya modemu. Ukiwa humo humo, tengea kila kamera anwani yake ya kudumu, kwa sababu rekoda nyingi huikumbuka kamera kwa anwani, na anwani ikibadilika rekoda huendelea kubisha kwenye mlango wa jirani.

Tuje getini. Hapa Wi-Fi ina lawama ndogo sana, na ningeomba uniamini hata kama jambo lilianza siku ile ile ya Wi-Fi. Ulisema kamera hizo zinapotea jioni. Lubumbashi jua huzama kati ya saa 17 na nusu na saa 19 mwaka mzima, na giza likiingia kamera huwasha taa zake za infraredi, ambazo hula umeme mara mbili au zaidi ya ule wa mchana. Adapta yake ilipokuwa kibandani, mita mbili tatu kutoka kwenye kamera, hilo halikuwa tatizo. Sasa adapta iko barazani, na umeme wa volti 12 unasafiri kwenye waya wa kengele.

Nitakufanyia hesabu, kwa sababu ndiyo inayonyamazisha mabishano. Tuseme waya ni wa shaba, unene wa milimita mraba 0.5, na urefu ni mita 25. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 50 za waya, zenye ukinzani wa omu 1.75 hivi. Mchana kamera mbili zikitumia ampea 0.6 kwa jumla, volti moja inapotea njiani na zinapokea 11. Zinavumilia. Usiku zikitumia ampea 1.6, volti 2.8 zinapotea, na kinachofika getini ni volti 9.2 tu. Kamera inawasha taa, inaishiwa nguvu, inazimika, inaanza upya taa zikiwa zimezimwa, inaona giza, inaziwasha tena. Kwenye simu yako mchezo huo wote unaonekana kama neno moja: haipatikani.

Unaweza kulithibitisha bila kifaa chochote. Jioni ya leo mwombe mlinzi asimame kimya chini ya kamera. Giza likikolea atasikia mlio mdogo, tik, ambao ni kichujio cha ndani kinachosogea ili kamera ione usiku, na ataona vitone vyekundu hafifu vikiwaka kuzunguka lenzi. Vitone hivyo vikizimika, kisha baada ya nusu dakika au dakika moja akasikia tik tena na kuviona vikiwaka upya, hiyo ni njaa ya umeme. Vikikaa vimewaka usiku kucha huku simu ikisema kamera haipo, hapo ndipo tutarudi kuulaumu mtandao.

Dawa ni kuirudisha adapta kwenye prizi ya kibandani, na ihakikishwe kuwa ni ya ampea 2 ikiwa inalisha kamera mbili. Kituo cha Wi-Fi kitoke humo, na kwa kweli hata kama prizi zingekuwa kumi ningekitoa. Kibanda cha mlinzi chenye paa la bati na mlango wa chuma ni mahali pabaya pa kuweka redio, kwani chuma huyarudisha mawimbi yalikotoka. Watu wengi hukosea hapo: hupeleka kituo mahali ambapo mtandao umekufa, wakidhani kitaufufua. Kituo hakizalishi mtandao, hupokea kutoka kwa mwenzake na kuupeleka mbele. Kikipokea kidogo, hugawa kidogo. Kiweke barazani, kwenye dirisha linalotazama geti, mahali kinapomsikia vizuri mwenzake wa sebuleni na bado kinaiona kamera bila ukuta katikati. Programu ya Wi-Fi huonyesha nguvu ya mawimbi kwa kila kamera kwa namba hasi: kati ya hasi 50 na hasi 65 ni nzuri, hasi 70 inatumika, na ikipita hasi 75 kuelekea hasi 80 tegemea kukatikakatika.

Kwa kukihamisha kituo hicho, kamera ya barazani nayo itakuwa imepata jirani wa karibu, na nadhani nusu ya maradhi yake yatakwisha hapo. Nusu nyingine ni tabia ya mitandao hii ya vituo vingi. Imetengenezwa kwa ajili ya vitu vinavyotembea: simu ikitoka sebuleni kwenda ghorofani, vituo hushauriana na kuisukuma ihamie kwenye kituo kilicho karibu. Kamera imepigiliwa misumari ukutani. Ikiwa katikati ya vituo viwili vyenye nguvu sawa, husukumwa huku na huku bila sababu, na kila kusukumwa ni picha kuganda. Tafuta kwenye programu sehemu ya uhamaji wa haraka uizime kwa mtandao wa kamera, na kama programu inakuruhusu kuifunga kamera kwenye kituo kimoja, ifunge. Kwenye gigahezi 2.4 chagua chaneli 1, 6 au 11, ambazo haziingiliani, ile ambayo majirani wameiachia nafasi, na upana uwe megahezi 20 badala ya 40. Upana mkubwa hupendwa na matangazo ya biashara, lakini mahali penye nyumba zilizobanana hukuongezea kelele za majirani tu.

Kuhusu depo nina maneno machache. Ukishaufungua mtandao wa 2.4, isajili kamera ukiwa nayo mkononi sebuleni, simu ikiwa kwenye mtandao huo huo wa kamera, kisha ndipo uirudishe mahali pake. Ikifanya kazi sebuleni na kufa ndani ya depo, kosa ni bati na mlango wa chuma, na hapo ningependelea kebo ya mtandao kuliko kituo cha nne. Kebo hufika mita 100 bila taabu, lakini ipitishwe ndani ya bomba na ifungwe pamoja na kizuia radi, maana kati ya Novemba na Aprili radi za huku kwetu hazichagui.

Yote haya usiyafanye kwa siku moja. Anza na majina ya mtandao, ulale usiku mmoja. Kesho yake umeme wa getini. Siku ya tatu, kama bado picha inaganda, uguse chaneli. Kijana wako alibadilisha mambo manne kwa mchana mmoja, ndiyo maana hata fundi hakujua aanzie wapi, akaanzia dukani.

SWALI: Sisi tuko Katuba. Nasi tulifunga Wi-Fi ya vituo viwili. Inafanya kazi vizuri mpaka delestaji (mgawo wa umeme) ipite: umeme ukirudi, kamera zinabaki nje ya mtandao hadi nizichomoe na kuzichomeka tena. Modemu ya zamani haikuwa na tabia hiyo.

JIBU: Ndugu, hebu tazama kituo kikuu kimechomekwa wapi. Ukikikuta kwenye ile stabilizateri ya friji, jibu umelipata: stabilizateri nyingi husubiri dakika kadhaa baada ya umeme kurudi kabla ya kuupitisha, ili kuilinda kompresa. Kituo nacho kinahitaji dakika mbili tatu za kuamka na kumtafuta mwenzake. Kamera iliyo kwenye prizi ya kawaida huamka ndani ya nusu dakika, hutafuta mtandao usiokuwepo, na baadhi ya kamera hukata tamaa baada ya kujaribu mara kadhaa. Geuza mpangilio: modemu na kituo kikuu viwe kwenye betri ndogo ya akiba, ile inayotoa volti 12 moja kwa moja, ili visizimike kabisa, na adapta za kamera, kama ziko ndani karibu na friji, ndizo zipite kwenye kifaa kinachochelewesha umeme. Hakikisha tu kwamba volti na ampea za betri zinalingana na zilizoandikwa kwenye adapta ya kituo, kwa kuwa si vituo vyote vinavyotumia volti 12.

SWALI: Niko Likasi. Baada ya kubadilisha Wi-Fi nilisajili kamera zangu upya, na sasa zote zinaandika saa moja nyuma kwenye picha. Mwizi akija saa 20, rekodi inasema saa 19. Je, mtandao unachelewa?

JIBU: Mtandao hauchelewi. Nchi yetu ina majira mawili ya saa, na wakati wa kusajili upya umechagua Kinshasa, ambayo iko saa moja nyuma yetu. Katika orodha ya miji teua Lubumbashi. Kama haimo, chagua UTC+2, yaani saa mbili mbele ya saa ya kimataifa. Kisha angalia na ratiba ya tahadhari za usiku, kwa sababu nayo imekuwa ikianza na kumalizika saa moja baada ya wakati ulioupanga.